Jirani Anacheka Kama Mwenye Nyumba

Ukiniuliza mapenzi ya Jofrey na Grace yalianzia wapi, nitakwambia yalianzia juu ya bati. Na aliyempandisha Jofrey juu ya bati ni mimi baba yake mzazi. Kwa hiyo ukitafuta mchawi wa habari hii usiende mbali, mchawi ndiye huyu anayekusimulia.

Ilikuwa hivi. Mama Grace, jina lake hasa ni Yuliana, ana nyumba pale Kitaji, hapa Musoma, aliachiwa na marehemu mume wake. Mimi nakaa Kamunyonge, mtaa wa jirani, nami nilishafiwa na mke. Tivii kwangu ilikuwepo, usinidharau. Lakini tivii ya kuangalia peke yako ni kama ugali wa kula peke yako, unashiba lakini unaona kama hujala. Basi kila Ijumaa usiku, habari zikishapita na watoto wa watu wamelala, nilikuwaga naenda kwa Mama Grace kuangalia kipindi kinaitwa Kabla Hujalala.

Mtangazaji wake alikuwa kijana mmoja, Apolinary, mwembamba, koti lake kubwa kama la kuazima. Anaita wageni, anawauliza maswali ya kijinga, na ukifika nyumbani ukiyafikiria unaona kumbe hayakuwa ya kijinga. Mimi darasa niliishia la nne, lakini kile kipindi nilikielewa chote. Tunakaa, mlango uko wazi ili majirani wasipate shida ya kuchungulia, Grace na vitabu vyake pembeni, na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga katikati. Yule binti alimaliza shule, akasoma ualimu, akaanza kazi, kipindi kinaendelea na sisi tunaendelea kukaa.

Dada yangu Dorotea, yuko Butiama, alikuwaga ananipigia simu ananisema.

"Wambura, nasikia unaenda kwa mjane usiku."

"Naenda kuangalia tivii, dada."

"Tivii gani hiyo inaangaliwa na mtu amepaka mafuta mpaka shingoni?"

Huyo ndiye Dorotea. Macho yake yako Butiama lakini yanaona mpaka Kitaji.

Sasa mwaka mmoja upepo wa ziwani ukapiga dishi la Mama Grace. Picha ikawa inakatika. Apolinary anafungua mdomo kusema, uso unagawanyika vipande kama sangara sokoni. Mimi nikaumia kuliko mwenye tivii. Nikamwita Jofrey, mwanangu wa mwisho, ni fundi umeme, nikamwambia panda pale juu uniwekee Apolinary wangu sawa.

Akapanda. Grace amesimama chini uani, mimi na mama yake tuko ndani tunaangalia picha.

"Bado!" tunapiga kelele.

"Wanasema bado!" Grace anapeleka juu.

"Na sasa hivi?"

"Hapo hapo! Ah, umepitiliza, Jofrey! Rudi!"

Ile kazi ilichukua mchana mzima. Na baada ya wiki mbili dishi likaharibika tena. Likatengenezwa, likaharibika. Mimi nikawa nasema hili dishi ni la kichina hasa. Nimekuja kujua juzi juzi tu kwamba Grace alikuwa analisukuma na ule mti wa kufagilia buibui.

Basi. Mwaka huu wakatangaza Kabla Hujalala kinafungwa. Apolinary amezeeka kidogo, koti limeanza kumtosha, anasema amechoka. Wakasema Jumapili mchana wataonyesha vipande vizuri vya miaka yote, halafu kwaheri. Mama Grace akanipigia: "Baba Jofrey, Jumapili uje, tumzike mtoto wetu." Nikasema nitakuja.

Nikafikiria sana ile wiki. Kipindi kikiisha, mimi Ijumaa nitaenda Kitaji kufanya nini? Mwanaume anahitaji sababu. Nikaona sababu iliyobaki ni ile ya kweli, ambayo nilikuwa nimeizungusha miaka yote nyuma ya tivii. Nikaenda sokoni nikanunua doti moja ya kitenge, kizuri, bluu yenye mistari ya njano. Kwetu mtu mzima haendi kumwambia mwanamke neno kama lile mikono mitupu. Nikakiweka kwenye mfuko. Maneno nikayapanga kichwani.

Jumamosi, siku moja kabla, Jofrey akaja nyumbani. Amechomekea shati. Mtoto wako akija kwako amechomekea, kaa chini kabisa, kuna jambo.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Mimi nataka kuoa."

Nikafurahi mpaka nikasimama. "Nilikuwa nasema huyu kijana ataoa nyaya za umeme! Binti wa wapi?"

"Unamjua."

"Namjua?"

"Ni Grace. Grace wa Kitaji."

Nikakaa tena. Jofrey akaendelea kuongea, uso umemng'aa kama mtu amewasha taa ndani ya kichwa.

"Yaani baba, ni rahisi. Wewe na Mama Grace mmeshazoeana, hamna haja hata ya kupelelezana. Jumamosi ijayo tupeleke wazee tu. Grace anamwambia mama yake leo hii."

"Mmeshazoeana," nikasema.

"Ndiyo. Au kuna tatizo, baba?"

Nikamwangalia. Ana masikio ya mama yake yule. "Tatizo liko wapi," nikasema. "Umechagua nyumba nzuri."

Sasa wewe kijana unayesoma labda unasema, huyu babu anahangaika nini, si waoe wote? Sikiliza. Kwetu watoto wakishaoana, nyie wazazi mmekuwa wakwe. Na mkwe si mtu wa kuchezewa. Hamkai chumba kimoja. Hamli sahani moja. Hampeani mkono. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Ukienda nyumbani kwake, ukifika karibu na mlango unakohoa, ili akusikie aingie ndani, msionane uso kwa uso. Mjini hapa wengi wameacha, najua, wanapiga mpaka picha pamoja. Lakini mimi na Yuliana ni watu wa zamani, yeye wa Bunda mimi wa Butiama, tumekunywa hayo na maziwa. Na nikimuoa yeye kwanza, Grace anakuwa binti yangu, Jofrey anakuwa kaka yake. Ndoa yao imekufa. Hakuna mzee atakayeenda kuwasemea.

Kwa hiyo ilikuwa mimi au mtoto. Nililala na hilo.

Jumapili nikatoka na mfuko wangu kwapani. Sikujua naupeleka au naubeba tu. Miguu ilienda yenyewe, inaijua ile njia.

"Hodi hapa."

"Karibu, Baba Jofrey. Umechelewa, wameshaanza."

"Padre alirefusha mahubiri."

"Padre yupi? Si tumesali wote kanisa moja?"

Nikacheka. Yeye akacheka, lakini macho hayakucheka. Akauona ule mfuko, akahamisha macho haraka akayapeleka kwenye tivii. Nikakaa kwenye kiti changu, kile cha karibu na mlango, mto wake ameushona yeye. Grace hakuwepo. Michembe na karanga vilikuwepo.

"Wamefika kwenye kuku?" nikauliza.

"Ndiyo kwanza wanaingia."

Kuku wa Apolinary, nani hamkumbuki? Mgeni mmoja mkulima alimletea zawadi ya kuku hai. Kuku akawekwa chini ya meza, kipindi kikaendelea, akaja msanii mmoja mkubwa mwenye miwani nyeusi, anajisifu magari, anajisifu nyumba. Mara chini ya meza, kooo, ko ko kooo! Apolinary akainama, akaangalia. Akainuka taratibu, akaweka kidole mdomoni, akamwambia yule msanii kwa kunong'ona: "Kaka, naomba upunguze sauti, humu ndani kuna mama amejifungua." Na kipindi kilichobaki chote waliongea kwa kunong'ona, mpaka yule msanii akavua miwani, akaanza kumsimulia habari za mama yake. Kwa kunong'ona. Alilia yule kijana.

"Siku ile ulimwaga chai," Mama Grace akasema.

"Wewe ndiye uliyemwaga. Ulinipiga begani."

"Nilikupiga mimi?"

"Ulinipiga hapa. Nilikaa na alama wiki nzima."

"Mwongo mkubwa wewe!" Akainua mkono kunipiga tena kama alivyozoea. Ukafika katikati ukasimama. Akaurudisha akauweka mapajani, akaushika na ule mwingine.

Hapo nikajua Grace ameshamwambia.

Kwenye tivii wakaweka vipande vingine, mwanamke aliyepika futari na mchezaji mpira aliyeogopa panya. Mimi sioni vizuri. Halafu Apolinary mwenyewe akatokea, akasema sasa nawaletea simu niliyoipenda kuliko simu zote nilizowahi kupokea.

Mama Grace akashika kichwa. "Yesu wangu. Isiwe ile."

Ilikuwa ile.

Alikuwaga anapiga simu kwenye kipindi kila Ijumaa, miezi mingi, haipokelewi. Siku ilipopokelewa akashtuka. Sasa Jumapili hiyo Tanzania nzima inasikiliza tena:

"Halo, Kabla Hujalala, naongea na nani?"

Kimya.

"Halo?"

"Shikamoo," sauti ya Mama Grace ikasema. Apolinary siku hizo ana umri wa kuwa mwanae.

"Marahaba, mwanangu," Apolinary akajibu, na watu studio wakavunjika mbavu. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Naitwa Yuliana. Ni mtoto wa Bunda lakini niko huku Musoma, Kitaji. Samahani, baba. Samahani, mwanangu. Yaani nimechanganyikiwa."

Na nyuma ya ile sauti unasikia mtu anacheka. Anacheka bila breki, kama punda amepewa chumvi. Huyo ni mimi.

"Mama Yuliana, huyo anayecheka hapo ni nani? Ni mume?"

"Hapana! Ni jirani tu."

Apolinary akakisikiliza kile kicheko, halafu akasema: "Mama, mbona jirani anacheka kama mwenye nyumba?"

Studio ikapasuka. Kitaji ikapasuka. Kamunyonge waliniita Mwenye Nyumba mwaka mzima, na dada Dorotea alipiga simu usiku ule ule.

Sisi wawili tukabaki tunajisikiliza tulivyokuwa. Mama Grace alichukua ncha ya kanga akajipangusa macho. Nikasema sasa. Nikavuta mfuko nikauweka magotini.

"Mama Grace."

"Usifungue huo mfuko, Baba Jofrey."

"Hujui kilichomo."

"Najua. Nimejua toka umeingia, unaubeba kama yai." Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuniangalia sawasawa. "Ukiufungua, mimi nitapokea."

Vidole vyangu vikashika mdomo wa mfuko.

"Nitapokea kwa mikono miwili," akasema. "Nimengoja huo mfuko miaka, nikawa nasema huyu mwanaume ataleta lini, au anampenda Apolinary kweli? Kwa hiyo nakuomba. Usinijaribu. Maana nikipokea, ndoa ya Grace imekufa, na jana alipiga magoti hapo hapo ulipoweka miguu. Hajawahi kuniomba kitu yule mtoto. Kiatu cha shule kikichanika alikuwa anashona mwenyewe asinisumbue."

"Jofrey naye alichomekea," nikasema. Ndilo neno nililopata.

"Alichomekea?"

"Shati. Ndani ya suruali."

Akacheka na machozi yake. "Basi ni kweli anampenda."

"Wenyewe wanasema mambo ya ukwe siku hizi hayapo. Jofrey anasema tutaendelea kuja kuangalia tivii wote."

"Wewe utaweza? Ukae hapo, mimi mkwe wako nimekaa hapa, unanitazama hivyo unavyonitazama?"

Nikafikiria. Nilitaka kusema ndiyo. Mtu akipenda anaweza kusema ndiyo kwa kila kitu.

"Sitaweza," nikasema.

"Hata mimi. Ningekuwa mkwe wa hovyo kuliko wote Mara nzima. Kwa hiyo tufanye wanavyofanya watu. Tuwape watoto heshima yao nzima, isiwe nusu. Ila mbona hukuleta mapema, Baba Jofrey?"

"Kila Ijumaa nilikuwa nasema, kipindi kikiisha nitasema. Kikiisha unakuwa umesinzia."

"Nilikuwa sisinzii. Nilikuwa nafumba macho ili upate nafasi ya kusema."

Ee bwana. Mwanamke amefumba macho miaka yote ananipa nafasi, mimi namwona amechoka, navaa viatu polepole nisimwamshe, naondoka. Ukisoma hapa, kama kuna mtu amefumba macho karibu yako, mguse, muulize kama amelala.

"Angalia," akasema, "wameweka ya wazee wale."

Hicho kilikuwaga kipande chake. Mzee na bibi wa visiwani, huku huku ziwani kwetu, wamekaa kwenye viti vya studio miguu haifiki chini. Apolinary anawauliza: "Mzee, umeishi na mama muda mrefu. Mapenzi ni nini?" Mzee anafikiria mpaka unadhani amesahau. Halafu anasema: "Hayo mimi siyajui. Ila usiku nikikohoa, huyu yuko macho." Bibi anaangalia chini anatabasamu. Na Apolinary, bingwa wa maneno, hakusema kitu. Aliwaacha watu wakae kimya na yeye akakaa kimya.

Majina ya mafundi yakapita kwenye kioo, muziki ukaisha, wakaweka tangazo la sabuni. Mama Grace akachukua rimoti akazima.

Nikasimama. Naye akasimama.

"Tupeane mkono," akasema, "Jumamosi huo mkono hautakuwepo."

Nikampa. Mkono wake una joto, una harufu ya karanga. Miaka yote tulisalimiana kwa mkono kila Ijumaa na sikuwahi kuuangalia. Nikauangalia. Kidole kimoja kina alama ya kisu, sikumuuliza ni ya lini. Tulisimama hivyo mpaka jirani wa ng'ambo akapita akasema "Hamjambo humo?" na sisi tukajibu kwa pamoja, "Hatujambo," hatujaachiana.

"Uende sasa," akasema. "Nenda, Wambura."

Hakuwahi kuniita jina. Nikatoka na mfuko wangu kwapani kama nilivyokuja.

Jumamosi tukaenda. Dorotea alitoka Butiama amevaa nguo ya Pasaka, wazee wamenyoa ndevu, Jofrey amechomekea mpaka hapumui. Kabla hatujaondoka nikamwita pembeni nikampa ule mfuko. "Hii mpe Mama Grace. Mwambie ni heshima kutoka kwa mkwe wake." Akachungulia. "Baba, kitenge kizuri hivi umejuaje kuchagua?" Nikamwambia muuzaji alinisaidia.

Tulipofika Kitaji nikawazuia kidogo kwenye uzio. Njia ile nimepita mara ngapi naingia moja kwa moja? Leo nikasimama mbali na mlango, nikakohoa. Kwa nguvu, kama inavyotakiwa. Nikasikia ndala zinakimbia ndani, pazia la chumba cha nyuma likafungwa. Ndipo tukaingia.

Kiti changu alikalia mzee mwingine, nikakaa kwenye benchi. Tivii imefunikwa kitambaa cheupe. Wazee wakaongea ya wazee, wakakubaliana, wanawake wakapiga vigelegele. Grace akaletwa tumwone, na mimi machozi yakanitoka, na kila mtu akasema mzee anafurahi. Na kweli nilikuwa nafurahi. Moyo ni kama nyumba, kuna sebule na kuna chumba cha nyuma.

Jofrey alipopeleka mfuko ndani nilikuwa nasikiliza. Karatasi ikachakacha. Halafu pazia, lile zito la maua, likasogea chini kidogo, pindo la kitenge cha bluu na njano likaonekana sakafuni. Alikuwa ameshajifunga.

Nikakohoa. Si kwa nguvu. Kidogo tu, kama mtu aliyekabwa na karanga.

Nyuma ya pazia, pale pale, mtu akakohoa.

Dorotea akainua kichwa. Ana masikio kama ya swala yule. "Eh, jamani, mama mkwe ana kifua? Mbona anakohoa?"

"Hana kifua, dada," nikasema. "Yuko macho."